Ukurasa wa kudai tokeni za bure haukuniomba hata senti. Je, hiyo ni dalili ya usalama?

Mfasiri_Moro – Jumanne, saa 3:10 usiku

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Naishi Morogoro na kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, nyingi zikiwa za wateja walio nje ya nchi. Kwa miaka miwili sasa baadhi yao wamekuwa wakinilipa kwa USDC, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kupitia mtandao wa Arbitrum, kwa sababu ada yake ni ndogo na fedha hufika siku hiyohiyo. Kwa hiyo si mgeni kabisa wa pochi za kidijitali, ingawa sijidai kuwa fundi: najua kupokea, najua kutuma, na najua kwamba yale maneno 12 ya siri, ambayo ndiyo ufunguo wa pochi, hayapewi mtu, awe nani.

Jumapili jioni, katika kundi la Telegram nililomo pamoja na mdogo wangu, ulipita ujumbe uliosema kwamba kila aliyewahi kutumia mtandao huo ametengewa tokeni za bure, na kwamba dirisha la kuzidai lingefungwa baada ya muda wa saa 12. Nikaufungua ukurasa. Ulikuwa nadhifu, una nembo, una saa inayohesabu kurudi nyuma, na pembeni anwani za watu zikipita mfululizo kuonyesha nani amekwisha kuchukua kiasi gani. Nilipounganisha pochi, nikaambiwa kwamba nastahili tokeni 1,140. Nikabonyeza sehemu ya kudai, likafunguka dirisha la pochi likinitaka nisaini. Halikutaja ada yoyote. Juu paliandikwa "Permit", na chini kulikuwa na mistari mitano ambayo niliipiga picha ya skrini: "owner" na anwani yangu, "spender" na anwani nisiyoijua, "value" na namba ndefu ajabu inayoanza na 115792, "nonce" 0, na "deadline" 1893456000.

Kabla sijasaini, bando likaisha. Nikatoka kwenda kwa wakala kuongeza salio, na huko njiani nikapata muda wa kufikiri.

Shaka yangu ni hii. Karibu kila onyo nililowahi kusoma linasema kwamba tapeli utamjua kwa kuomba pesa: atakutaka utume kwanza ada ya kufungulia, au uithibitishe pochi kwa dola 50. Ukurasa huu haukuniomba hata senti, wala haukuniuliza maneno ya siri. Mdogo wangu, ambaye pochi yake ilikuwa na senti chache tu za USDC zilizobaki, alisaini palepale, akaandikiwa hongera na kuambiwa asubiri saa 48. Hadi leo hakuna kilichopungua kwake, na ananicheka kwamba nimeikimbia riziki. Mimi nina USDC 640 humo, nazo ni ada ya shule ya watoto wawili. Je, kama ningesaini ingekuwaje? Na mtu wa kawaida atautofautishaje ugawaji wa kweli na wa uongo, ikiwa huo wa uongo hauombi kitu?

---

FundiMitambo – Jumanne, saa 4:26 usiku

Ndugu Mfasiri, kuisha kwa bando lako ndiko kulikookoa ada ya watoto. Wewe ni mtu wa nyaraka, basi tuisome hiyo uliyowekewa mbele kama unavyosoma mkataba wa mteja, mstari kwa mstari.

"Permit" ni hati ya ruhusa. Kwa utaratibu wa zamani, ukitaka programu fulani kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja la miamala, iweze kuchukua tokeni kutoka kwenye pochi yako, ulikuwa unatuma muamala wa idhini na kuulipia ada. Baadaye ukaja utaratibu uitwao EIP-2612, ambao USDC ni miongoni mwa tokeni zinazoufuata, na ambao unaruhusu idhini hiyohiyo itolewe kwa saini peke yake. Saini hiyo haiandikwi kwenye blokcheni wakati unaitoa. Inabaki mkononi mwa aliyekuomba, naye ndiye anayeipeleka na kuilipia ada saa anayotaka yeye. Hiyo ndiyo sababu hukuona ada: mlipaji angekuwa mwizi mwenyewe, na asingeona tabu kulipa senti chache ili achukue dola 640. Ni kama umemwandikia mtu usiyemjua barua ya kwenda benki kuchukua chochote kilichomo kwa jina lako, kisha ukamwachia barua atembee nayo.

Sasa tazama mistari yenyewe. "Owner" ni mwenye mali, yaani wewe. "Spender" ni anayeruhusiwa kuitumia, na huyo humjui. "Value" ni kiasi: namba inayoanza na 115792, ukiihesabu yote utaikuta na tarakimu 78, ndiyo kubwa kuliko zote ambazo sehemu hiyo inaweza kubeba. Kwa lugha ya kawaida maana yake ni "bila kikomo". "Deadline" ni mwisho wa muda, ukihesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Nimeipiga hesabu yako: ni 1 Januari 2030, saa 9 usiku kwa saa za kwetu. Ukurasa ulikupa wewe saa 12 za kuamua, halafu wenyewe ukajipa mpaka mwaka 2030.

Umeuliza jinsi ya kuutofautisha ugawaji wa kweli. Kwanza tukubali kwamba upo, kwa sababu anayesema kila tokeni ya bure ni utapeli humfanya msikilizaji asimwamini siku anapoona jirani amepata. Mwezi Septemba 2020 Uniswap, soko la kubadilishana sarafu za kidijitali, iligawa tokeni zake 400 ziitwazo UNI kwa kila anwani iliyokuwa imeitumia kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo, na kwa bei ya siku zile za mwanzo hizo zilikuwa kama dola 1,200. Arbitrum yenyewe unayoitumia iligawa tokeni yake ya ARB kuanzia tarehe 23 Machi 2023. Lakini linganisha na ulichokiona: dirisha la kudai ARB lilikaa wazi takriban miezi sita, si saa 12, na aliyedai alituma muamala na kuulipia ada ya mtandao yeye mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu yangu, kanuni uliyofundishwa imegeuka juu chini. Ule wa kweli ulimgharimu mdai kiasi kidogo cha ada, na huu wa uongo ulikuwa bure kabisa.

Mimi natazama jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni mwelekeo wa mali. Katika kudai, wewe ndiwe mpokeaji. Hakuna sababu yoyote ya mpokeaji kutoa ruhusa ya kuchukuliwa USDC yake, au ETH yake (sarafu ya Ethereum, ambayo ndiyo hulipia ada), au picha zake za NFT. Ukiona kwenye dirisha la pochi maneno kama "Permit", "Approve", "Increase Allowance" au "Set Approval For All", jua kwamba unatoa, hata kama ukurasa ulio nyuma yake umeandika "Claim" kwa herufi za dhahabu. Kitufe ni maandishi tu na aliyeutengeneza ukurasa anaweza kuandika apendalo. Cha kusomwa ni dirisha la pochi.

Usidhani kwamba huyo aliyekutegea ni kijana mmoja mwenye kipaji. Hii ni biashara ya kukodisha. Kulikuwa na kikundi kilichojiita Inferno Drainer, kilichotangaza kufunga kazi Novemba 2023, ambacho kiliwapa matapeli wengine kurasa na programu tayari kisha kikakata asilimia 20 ya kila kilichoibwa. Wachunguzi wa kampuni ya Group-IB walihusisha na kikundi hicho zaidi ya anwani 16,000 za tovuti na wizi wa zaidi ya dola milioni 80. Ndiyo maana kurasa hizo zinafanana, na ndiyo maana ukiripoti mmoja ukafungwa, asubuhi uko mwingine wenye herufi moja iliyobadilishwa.

Wala usiseme "nilikipata kiungo kwenye akaunti rasmi" ukadhani umemaliza. Septemba 2023 akaunti ya X ya Vitalik Buterin, mwasisi wa Ethereum, ilitekwa baada ya laini yake ya simu kuhamishwa bila yeye kujua, ikatumika kutangaza kiungo cha NFT ya bure ya kumbukumbu. Watu waliobonyeza walipoteza jumla ya takriban dola 691,000. Hao hawakuwa washamba. Walikuwa wamefuata tangazo la mtu wanayemwamini, kwenye ukurasa wake halisi. Tangu siku hiyo, mimi hulitafuta tangazo mahali pasipopungua pawili pasipotegemeana: katika tovuti ya mradi ambayo niliihifadhi kwenye kivinjari zamani, na katika nyaraka zao za kiufundi. Sipiti kwenye injini ya utafutaji kabisa, kwa kuwa matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia na matapeli nao wanalipia.

Kuhusu kuunganisha pochi: peke yake hakukukupa hasara. Kuliwaonyesha anwani yako na kilichomo, na kwa njia hiyo walijua kwamba cha kukuomba ni ruhusa ya USDC. Ukate muunganisho huo katika mipangilio ya pochi, na kwa kudai siku nyingine tumia pochi mpya isiyo na kitu.

---

Nahodha_Kibokoni – Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Nimesoma maelezo ya Fundi nami nayakubali, ila hilo la mwisho nalipinga kwa heshima, kwa maana nimeona watu wakilifuata na kurudi mikono mitupu. Ugawaji wa kweli hutolewa kwa anwani yenye historia. Ukifungua pochi mpya leo, isiyowahi kutumia mtandao wowote, utadai nini? Utaambiwa hustahili, nawe uliyechoshwa na neno hilo utarudi na pochi yako kubwa kwa hasira. Njia iliyo sawa ni kinyume chake: hamisha kwanza USDC yako yote kwenda anwani nyingine, uiache ile ya zamani na ETH ya dola moja au mbili ya kulipia ada, kisha udai kwa hiyo ya zamani. Tokeni zikiingia, nazo zihamishe. Baada ya hapo usiirudishe mali kwenye anwani hiyo mpaka umejiridhisha kwamba haina idhini iliyobaki wazi.

Mimi nina kibanda cha simu hapa Mombasa, na naweza kusema kwamba mwaka 2024 ulinifundisha mengi kuliko miaka yote. Vijana walikuja na simu zimepasuka vioo kwa kugonga Hamster Kombat, mchezo wa Telegram ulioahidi tokeni, usiku na mchana. Ugawaji wenyewe ulifanyika tarehe 26 Septemba 2024, tokeni zilikuwa za kweli, na wengi waliokuja kwangu walipata kiasi ambacho hakikutosha kubadili hicho kioo. Kilichofuata ndicho kilichonishangaza. Katika wiki zilizofuata, ujumbe wa "awamu ya pili kwa waliopunjwa" ulizagaa, na waliobonyeza upesi zaidi ni walewale waliokuwa na kinyongo. Anayejiona amedhulumiwa hasomi dirisha; anataka haki yake.

Na si kila mtego uko kwenye pochi. Julai 2024 watafiti wa ESET walionyesha programu ya upelelezi iitwayo Ratel iliyosambazwa Telegram kwa jina la mchezo huohuo. Ukishaiweka kwenye simu ya Android, ilipewa ruhusa ya kusoma arifa na kutuma SMS. Kwetu sisi ambao fedha zetu zote hupita kwenye SMS, hilo linatosha. Mtu akikutumia faili la kusakinisha ndani ya gumzo ili "udai kwa urahisi", usilifungue hata kwa kulitazama.

La mwisho, kwa kuwa umeuliza kuhusu kisichoomba kitu. Julai 2023 watu walipanga foleni pale KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, wakapewa tokeni 25, zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Hazikuwa bandia. Lakini tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi lile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za mwili zifutwe ndani ya siku saba. Siwaweki kwenye kapu moja na wezi, la hasha. Nasema tu kwamba hata pale kulikuwa na kitu kilichotolewa, na wengi waliokuwa kwenye foleni hawakujiuliza ni kipi.

---

FundiMitambo – Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Nahodha, umenisahihisha vizuri, na mwenye kusoma afuate yako. Pochi mpya inafaa kwa michezo na majaribio, ambapo historia inaanza nayo. Haifai pale unapodai kwa ajili ya matumizi ya nyuma.

---

Mfasiri_Moro – Jumatano, saa 6:30 mchana

Wakuu, nawashukuru sana. Nimekata muunganisho na nimehamisha fedha kwenda anwani nyingine kabla ya kunywa chai.

Limebaki la mdogo wangu. Nimemsomea maelezo yenu naye ananijibu kwamba amekwenda kwenye tovuti ya kukagua idhini, akaweka anwani yake, na haikuonyesha idhini yoyote iliyo wazi. Kwa hiyo anasema Fundi anawatisha watu. Tatizo ni kwamba Ijumaa anategemea malipo ya USDC 380 kwa kazi ya kuchora ramani za majengo, na anwani aliyompa mteja ni hiyohiyo. Picha ya dirisha alilosaini ninayo: ni sawa na langu, isipokuwa anwani ya mwenye mali.

---

FundiMitambo – Jumatano, saa 7:15 mchana

Nitamjibu mdogo wako kwa utaratibu, kwa sababu alichokifanya ni cha busara na jibu alilopata ni la kweli. Tatizo ni kwamba ameuliza mahali ambapo jibu halijafika.

Tovuti za kukagua idhini, kama Revoke.cash au ile sehemu ya Etherscan, husoma kilichoandikwa kwenye blokcheni. Saini ya "Permit" haijaandikwa humo mpaka aliyenayo aipeleke. Kwa hiyo hali ya mdogo wako ni ya mtu aliyesaini barua, barua iko mfukoni mwa mwenzake, na yeye anakwenda dirishani benki kuuliza kama kuna barua imepokelewa. Karani atamjibu kwa ukweli kwamba hakuna.

Siku barua itakapopelekwa, hatua zote mbili, ya kuisajili ruhusa na ya kuchukua fedha, zinaweza kufanyika katika muamala mmoja. Hatakuwa na nafasi ya kuona idhini imetokea na kukimbilia kuifuta. Saini ya aina hii hubatilika ikiwa ile namba ya zamu, "nonce", itasonga mbele kutoka 0, na fundi anaweza kuisogeza kwa kusaini na kupeleka hati nyingine ya ruhusa yeye mwenyewe. Lakini kwa mtu wa kawaida sioni sababu ya kujifunza upasuaji kwenye anwani ya senti chache. Aihame.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi huichanganya. Kwa kuwa hakutoa maneno yake 12, hahitaji kutupa pochi nzima. Ruhusa aliyoisaini inahusu anwani moja na tokeni moja. Anaweza kufungua anwani ya pili ndani ya pochi hiyohiyo, chini ya maneno yaleyale, akampa mteja hiyo. Laiti angekuwa ameyaandika yale maneno kwenye ukurasa wowote, ningesema kinyume: anwani zote zinazotokana nayo, za leo na za kesho, zingekuwa za mwizi, na angelazimika kuanza na maneno mapya kabisa.

Ampigie mteja simu, asitume ujumbe peke yake. Mteja mwangalifu akipokea ujumbe wa ghafla kwamba anwani ya malipo imebadilika atashuku kwamba yeye ndiye anayetapeliwa, na atakuwa na haki.

---

*Ujumbe uliokuwa hapa umeondolewa na Msimamizi. Mwandishi alitangaza huduma ya "kurejesha sarafu zilizoibwa" na kuweka namba ya WhatsApp. Akaunti imefungwa.*

---

MamaTunu – Alhamisi, saa 3:48 usiku

Msimamizi, asante kwa kuuondoa haraka, maana mimi niliupata ujumbe wa namna hiyo siku ambayo sikuwa na msimamizi.

Nipo Dar es Salaam. Mwaka juzi nilisaini kitu kama hicho cha Mfasiri, nikapoteza USDC 212. Niliandika kilio changu kwenye kundi moja, na kabla chai haijapoa wakanijia watu watatu faraghani, kila mmoja akimtaja "mtaalamu" aliyemsaidia. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mpole kuliko mganga wa kienyeji. Alinionyesha picha ya fedha zangu "zilizozuiwa" kwenye skrini yake, zikiwa na jina langu. Akanitaka shilingi 150,000 za kufungulia. Nikatuma. Kesho yake akanitaka 90,000 za kodi, nami hapo nikamwambia azikate humohumo kwenye zangu alizozipata. Hakujibu tena.

Ninyi mnaojua mtaniambia nilipaswa kushuku, na ni kweli. Lakini aliyeibiwa hana akili ya kawaida kwa siku kadhaa. Anatafuta mtu wa kumwambia kwamba hakuwa mjinga. Wale watatu waliniambia hivyo kabla ya lolote jingine.

Nilichokuja kujifunza baadaye ni kwamba muamala uliokamilika kwenye blokcheni hauna mtu wa kuurudisha. Kampuni inayotoa USDC ina uwezo wa kuifungia anwani, lakini hufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya sheria, na mwizi huwa amekwisha kuibadilisha kuwa ETH ndani ya dakika chache. Niliripoti polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nikiwa na karatasi yenye anwani ya mwizi, namba ya muamala, tarehe na saa. Wasaidieni ndugu zenu kuandaa karatasi hiyo, kwa sababu askari niliyemkuta zamu hakuwa anaifahamu USDC, na karatasi ile ndiyo iliyomfanya aandike. Namba ya simu ya yule "mtaalamu" niliituma kwenda 15040, kama tunavyofanya kwa zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii".

---

Nahodha_Kibokoni – Alhamisi, saa 4:10 usiku

Pole sana, Mama. Na ahsante kwa kulieleza hadharani, maana hapa kibandani wanaopigwa mara ya pili ndio wasiosema kabisa.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo ambao watu huuchukulia kuwa bahati. Mtu anaandika kwenye maoni, kama mgeni asiyejua: "Nina USDT kwenye pochi yangu, maneno yangu 12 ni haya, naomba mnielekeze jinsi ya kuzitoa." (USDT ni sarafu nyingine ya thamani ya dola.) Wewe unayaingiza, na kweli unaziona. Hazitoki kwa sababu hakuna TRX, sarafu inayolipia ada kwenye mtandao wa Tron, basi unaiwekea pochi hiyo TRX kidogo ili uzitoe kabla hajashtuka. TRX yako inaondoka papo hapo, na USDT haikuwa na uwezo wa kutoka tangu mwanzo, kwa kuwa pochi imefungwa kwa saini ya mtu mwingine. Huyo tapeli huwakamata wezi wenzake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda polisi.

---

Mfasiri_Moro – Jumapili, saa 2:20 usiku

Wakuu, narudisha mrejesho kama ilivyo ada.

Mdogo wangu alikubali kumpigia mteja, si kwa sababu ameamini bali kwa sababu mama aliingilia kati. Mteja alimtaka athibitishe kwa simu ya video, wakathibitishana, na Ijumaa USDC 380 ziliingia kwenye anwani mpya. Zote zipo.

Hata hivyo, akitaka kutuonyesha kwamba tulimtisha bure, Ijumaa usiku alitoa USDC 3 kwenye fedha zake mwenyewe akazipeleka kwenye ile anwani ya zamani. Leo ni siku ya pili na hazijaguswa. Tulipokuwa mezani alinipa simu nione. Sikuwa na jibu.

---

FundiMitambo – Jumapili, saa 3:02 usiku

Mwambie kwamba simlaumu kwa kupima. Ila dola tatu si kipimo cha haki. Programu hizi huwekewa kiwango cha chini, kwa sababu ada na lile fungu la mwenye programu vinataka vilipwe, na tena mwizi mwenye akili hachukui dola 3 kwenye anwani ambayo huenda wiki ijayo itaingia 300. Kwa kipimo chake angepaswa kuweka 380, nami nisingemshauri.

---

Mfasiri_Moro – Jumapili, saa 3:15 usiku

Nimemsomea. Amesema hatafanya hivyo. Dola tatu ameziacha palepale, na sasa kila asubuhi ndicho kitu cha kwanza anachokitazama kwenye simu.